Usimkatize Anayeandika



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja anayeuza mitumba katika soko la Kiboriloni alinisimamisha nje ya kanisa. "Nesi," akaniambia, "binti yangu yuko kidato cha tatu. Akikaa kuandika insha, mistari mitatu tu, amekwisha inuka. Akirudi anashika simu. Je, huu ni uvivu au kuna dawa?" Nilimwomba amlete hospitali katikati ya juma. Neno uvivu sisi wazazi tunalitamka upesi mno, na mimi mwenyewe nimewahi kukosa utulivu wa kuandika mahali ambapo kosa lingeweza kuua.

Ilikuwa zamu ya usiku, miaka mingi iliyopita. Nilikuwa naandika karatasi ya dawa ya mtoto mchanga mwenye uzito wa kilo 2, na dozi yake ya gentamicin ilikuwa miligramu 10. Nilikuwa nimekwisha andika moja na sifuri, mara ndugu wa mgonjwa akanigusa bega akiulizia maji ya moto. Nikamjibu. Kabla sijarudi kwenye karatasi, simu ya wodi ikalia. Nilipoketi tena, mkono ukaongeza sifuri nyingine, nami sikuona. Mwenzangu alipokwenda kuvuta dawa, aliona kwamba kichupa cha miligramu 80 hakitoshi na itambidi afungue cha pili. Kwa mtoto wa kilo 2! Akaja na karatasi mkononi. "Dada, hii ni mia kweli?" Tunamshukuru Mungu, mtoto hakuchomwa dozi ile. Dawa hiyo ikizidi huweza kuharibu figo na masikio. Tangu usiku ule, nikiwa naandika dawa na mtu akaniita, nainua mkono wa kushoto bila kuinua macho mpaka nimalize mstari. Wako wanaosema nina kiburi, na nimewazoea.

Ndugu wasomaji, tunadhani kuandika ni kazi ya mkono. Ubongo ni karibu sehemu 2 tu kwa 100 za uzito wa mtu mzima, lakini hutumia kama sehemu 20 kwa 100 za nguvu ya mwili unapopumzika. Anayeandika hushika akilini alichokwisha kusema, anachosema sasa, na anachotaka kusema baadaye, vyote kwa pamoja. Ni kama kubeba maji kwa viganja kutoka mferejini: ukigongwa kiwiko yanamwagika, na huna budi kurudi kuteka upya.

Watakatifu nao walipata taabu hiyo. Mtakatifu Teresa wa Avila alianza kuandika kitabu chake juu ya ngome ya rohoni mwezi Juni 1577, kwa utii kwa wakubwa wake. Ndani ya kitabu hicho hicho analalamika juu ya kelele zilizokuwa kichwani mwake alipokuwa akiandika. Shughuli zilimsimamisha kwa miezi, naye akamaliza mwezi Novemba mwaka ule ule. Hakuona kwamba mawazo kutangatanga ni dhambi, na sisi tusimhukumu mtoto kwa hilo.

Tutazame basi nyumba zetu. Sebule ni moja, televisheni imewashwa, wageni wamekuja, na mtoto ameambiwa aandike. Mara "hebu niletee chumvi", mara "kimbia dukani", mara "mshike mdogo wako". Saa mbili zikipita tunamwuliza mbona hajamaliza! Mimi huwashauri wazazi wampe nusu saa moja isiyoguswa na mtu, kisha ainuke, anywe maji, anyooshe mgongo, na arudi. Katika nusu saa hiyo televisheni izimwe, na simu iwekwe chumba kingine kabisa. Kuifunika juu ya meza hakutoshi, maana macho yako juu ya daftari na moyo uko kwenye simu. Awe na kipande cha karatasi pembeni. Akikumbuka jambo lingine, kama sare ya kufua, aliandike pale na kuendelea. Katibu wa jumuiya anayeandika kumbukumbu za kikao naye afanye hivyo hivyo.

Usingizi ni jambo kubwa zaidi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Kumwamsha saa kumi alfajiri aliyelala saa tano usiku ni kumnyima kile kile tunachomdai. Ninyi mliopita miaka 40 mnaosogeza karatasi mbali ili muone, kapimeni macho. Kichwa kinachouma kila mkiandika huenda kinadai miwani tu.

Liko jambo moja ambalo wazazi na walimu hulikosa mara nyingi. Mtoto anaandika, ghafla anaduwaa sekunde chache, macho yamekodoa, kalamu imesimama katikati ya neno, ukimwita hasikii. Kisha anaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Yakijirudia mara nyingi kwa siku, usimchape. Kuna aina ya kifafa isiyomwangusha mtu wala kumtoa povu, nayo huja namna hiyo. Mlete hospitali, dawa zipo.

Yule binti wa Kiboriloni hakuwa na kifafa. Tulipima damu yake tukakuta gramu 8, wakati kwa msichana wa umri wake kuanzia gramu 12 ndiyo afya. Hedhi yake ilikuwa nzito, na aliona haya kumwambia mama yake. Mtu mwenye upungufu wa damu kama huo huchoka akiwa ameketi, na mawazo hayakai mahali pamoja. Alipewa vidonge vya madini ya chuma. Nilimwambia aongeze maharage na mboga za majani pamoja na chungwa, na chai aiache mpaka saa moja ipite baada ya chakula, kwa sababu chai huzuia chuma kuingia mwilini. Huku kwetu hilo la chai lilikuwa gumu kuliko vidonge.

Katika mwezi wa tatu wa dawa nilipita sokoni, na yule mama akaniita kutoka nyuma ya rundo la masweta. Habari ya damu hakuigusa. Alinieleza kwamba binti ameandika insha ya kurasa mbili jioni moja, kisha akanilalamikia: siku hizi akimwita wakati anaandika, mtoto anamwinulia mkono.