Ifahamu nyumba ya mtoto na kazi zake mwilini

KATIKA saluni za Donholm, Umoja na Buruburu, mazungumzo ya wanawake hayakosi kugusia kizazi. Huyu ataambiwa kizazi chake "kimepinduka", yule kwamba "kimefunga", na mwingine atashauriwa aende akakandwe tumbo ili "kirudi mahali pake". Hata hivyo, ni wachache wanaoweza kueleza kiungo hiki kiko wapi hasa, kina ukubwa gani na hufanya kazi gani.

Kutojua huko kuna hatari zake. Mwanamke asiyeijua hali ya kawaida ya mwili wake hawezi kutambua mapema mambo yanapokwenda mrama.

Uko wapi?

Mfuko wa uzazi, au nyumba ya mtoto kama wengi wanavyouita, umo ndani ya nyonga. Mbele yake kuna kibofu cha mkojo na nyuma yake kuna sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ndiyo sababu mama mjamzito huenda haja ndogo mara kwa mara: mfuko unapokua hukibana kibofu.

Kwa mwanamke asiye na mimba, mfuko huu una urefu wa sentimita 7 hadi 8 na upana wa sentimita 5 hivi. Umbo lake ni kama la parachichi dogo lililogeuzwa, sehemu pana ikiwa juu na nyembamba chini. Sehemu hiyo nyembamba ndiyo mlango wa kizazi, ambao hufungukia ukeni. Kutoka pembe mbili za juu, mirija miwili huelekea kwenye ovari, ambako mayai hukomaa.

Kwa wanawake wengi mfuko huinama mbele, lakini kwa takriban mmoja kati ya watano huinama nyuma. Hilo ni umbile tu, jinsi watu wanavyotofautiana kwa kimo, na kwa kawaida halizuii mimba. Kwa hivyo, hakuna haja ya kukandwa ili "kuurudisha".

Kazi ya kila mwezi

Ukuta wa mfuko wa uzazi una tabaka tatu. La nje ni jembamba, la kati ni msuli mnene wenye nguvu, na la ndani ni utando laini wenye mishipa mingi ya damu.

Kila mwezi, homoni kutoka kwenye ovari huufanya utando huo kuwa mnene, tayari kupokea mimba. Mimba isipotungwa, homoni hupungua, nao utando humomonyoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi. Si uchafu uliokuwa umejificha mwilini, kama wengine wanavyodhani. Kwa kawaida, hedhi hurudi baada ya siku 21 hadi 35, na damu hutoka kwa siku 2 hadi 7.

Mimba inapotungwa

Yafaa ifahamike kwamba yai halirutubishwi ndani ya mfuko, bali ndani ya mrija. Baadaye husafiri na kujishikiza kwenye utando baada ya siku 6 hivi. Likikwama njiani, mimba hukua mrijani, na mrija unaweza kupasuka. Mwanamke aliyekosa hedhi, kisha akapata maumivu makali chini ya tumbo au kizunguzungu, apelekwe hospitalini mara moja.

Mambo yakienda sawa, mfuko hupanuka kwa namna ya kustaajabisha. Kufikia wiki ya 12, mkunga anaweza kuupapasa juu kidogo ya mfupa wa kinena. Wiki ya 20 huwa umefika kitovuni, na wiki ya 36 hukaribia mbavu. Mkunga anapompima mama tumbo kwa utepe kliniki, huwa anafuatilia ukuaji huo.

Msuli unaookoa maisha

Kazi ya mfuko haiishii mtoto anapozaliwa. Mwisho wa mimba, mfuko hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kondo la nyuma linapotoka, mishipa iliyokuwa ikilihudumia hubaki wazi. Msuli wa kati hujikaza na kuibana mishipa hiyo, na damu hupungua. Msuli ukilegea, mama anaweza kufariki katika muda mfupi mno.

Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni ya oksitosini, ambayo huukaza msuli huo. Maumivu anayoyasikia mama tumboni anaponyonyesha siku za mwanzo hutokana na hali hiyo.

Utafiti uliochapishwa 2023, uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba kuipima damu inayotoka kwa mfuko maalumu wa plastiki na kumtibu mama bila kuchelewa hupunguza matatizo makubwa ya kuvuja damu kwa asilimia 60. Hii ni sababu nzuri ya kujifungulia hospitalini badala ya nyumbani.

Usipuuze dalili hizi

Mwone daktari iwapo unalazimika kubadilisha sodo kila saa, hedhi inapita siku 7, au unatokwa na damu baada ya kujamiiana. Hedhi nzito yaweza kutokana na uvimbe kwenye mfuko, ambao mara nyingi si saratani lakini huweza kukupunguzia damu. Damu inayotoka baada ya hedhi kukoma kabisa uzeeni haipaswi kupuuzwa hata ikiwa ni tone moja.

Saratani ya mlango wa kizazi huua zaidi ya wanawake 3,000 humu nchini kila mwaka, ilhali inaweza kuzuiwa. Chanjo dhidi ya virusi vinavyoisababisha ilianza kutolewa bila malipo kwa wasichana wa miaka 10 mnamo 2019. Wanawake wa miaka 25 hadi 49 nao wanashauriwa kuchunguzwa hata kama hawahisi maumivu yoyote, kwani ugonjwa huu huanza kimyakimya.

Wakazi wa Donholm hawana mwendo mrefu. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko papa hapa Eastlands, na ile ya Pumwani imehudumia akina mama tangu 1926. Swali unalomwuliza msusi wako, mwulize muuguzi pia.