Thumuni Si Senti Kumi na Mbili na Nusu

Safari hii swali limeletwa na mwalimu wa hesabu: ikiwa thumuni ni sehemu moja ya nane, iweje senti hamsini ziitwe thumuni? Kabla sijajibu, ameshajijibu: ati wazee wa Pwani walikosea hesabu, na sasa anawafundisha watoto kwamba thumuni "halisi" ni senti kumi na mbili na nusu.

Hapana! Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na sarafu za senti moja, tano, kumi na hamsini. Ya kumi na mbili na nusu haijapata kufuliwa. Tena ni uonevu kudai kwamba watu wa Pwani hawaijui thumuni. Hao ndio wanaogawa mirathi kila siku, na mjane wa mume aliyeacha watoto hupewa thumuni. Hakuna kadhi anayempa nusu.

Mwalimu hakujiuliza jambo moja tu: moja ya nane ya nini? Si ya shilingi. Ni ya riale, ile sarafu ya fedha ya Maria Theresa iliyotumika Unguja na mwambao mzima katika karne ya 19. Riale ilibadilishwa kwa rupia mbili na kitu, hivyo thumuni yake sokoni ikahesabiwa robo rupia, yaani ana nne. Riale ilipotoweka, robo rupia ikabaki na jina lile. Mwaka 1920, nchini Kenya, rupia ikawa florini. Muda si muda florini ikawa shilingi mbili. Robo ya shilingi mbili ni senti hamsini. Sarafu yenyewe, ile yenye simba, iliandikwa kwa Kiingereza kuwa ni nusu shilingi, na watu wakaendelea kuiita thumuni. Kila hatua hesabu imekaa sawa. Kilichobadilika ni kizima kinachogawanywa.

Basi, kwenye mirathi soma moja ya nane. Kwenye hati za enzi za rupia, robo rupia. Kwenye masimulizi ya enzi za shilingi, senti hamsini. Ukisema sumuni kama wasemavyo wengi Kenya, ni sawa. Na ukiikuta sarafu yenyewe, tazama mwaka: za 1921 hadi 1944 zina robo ya madini ya fedha, za 1948 na baadaye ni shaba na nikeli. Usiisugue kwa ndimu wala majivu, maana wakusanyaji hawaitaki iliyosuguliwa.