Maji Magumu Katika Nyumba Zetu



Katika nyumba nyingi za Timbwani, ugomvi mdogo wa mwisho wa mwezi huanzia kwenye sabuni. Baba ataka kujua vipi mche ulionunuliwa juzi umekwisha leo; mama hana jibu ila kwamba povu halitoki. Kanzu nyeupe ya Ijumaa imeingia ukijivu, birika la chai lina gamba jeupe, na maharagwe yamekaa jikoni tangu asubuhi na bado hayajaiva. Ndugu zangu, kabla ya mtu kumtuhumu mwenziwe kwa israfu, na ayatazame kwanza maji.

Ugumu huu watoka wapi?

Mji wetu hunywa maji ya mbali. Kisauni huletewa maji ya visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki. Chemchemi za Mzima, kule Tsavo, huleta maji kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950. Sisi wa Likoni twategemea visima vya Tiwi na chemchemi za Marere katika milima ya Shimba. Bomba likikauka, twarudi kwenye visima vya mtaani na mitungi ya mkokoteni.

Visima hivyo vya mtaani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe. Mvua inapopenya ardhini, maji huyeyusha mwamba huo kidogo kidogo na kuuchukua ndani yake pasi na kuonekana. Huo ndio ugumu. Ukiyachemsha, sehemu ya jiwe hilo hutengana na maji na kuganda kwenye chombo. Gamba la birika ni jiwe lililorudi kuwa jiwe. Na sabuni ikikutana na maji hayo, hushikana kwanza na jiwe ikawa utando unaonata kwenye nguo, ngozi na nywele. Povu halipatikani mpaka sabuni imalizane na jiwe, na hapo ndipo mche unapokwendea.

Ugumu na chumvi ni mambo mawili. Maji yaweza kuwa magumu na ladha yake ni ya maji baridi. Lakini kisima kilicho karibu na bahari kikitekwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia, yakawa magumu na ya chumvi pamoja. Chumvi hiyo haiondoki kwa kuchemsha.

Udhu na josho

Dada zetu huuliza: je, maji haya yafaa kwa ibada? Yafaa bila ya shaka. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamebainisha kwamba maji yaliyobadilika kwa kitu kilichomo mahali yanapokaa au yanapopita hubaki twahara yenye kutwaharisha. Hata maji ya bahari Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, ameyahukumu kuwa yatwaharisha. Yasiyofaa kwa udhu ni maji yaliyotiwa sabuni au mfano wake mpaka hayaitwi tena maji tu. Basi na wala tusifanye israfu: Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja, na akaoga kwa pishi moja hadi vibaba vitano.

La kufanya nyumbani

Kwanza, kinga maji ya mvua wakati wa masika na vuli. Hayo hayajapita kwenye mwamba, na katika Sura ya Al-Furqan Mwenyezi Mungu ameyataja kuwa ni maji twahara. Acha mvua ya mwanzo ioshe paa, kisha ukinge, na ufunike chombo. Yaweke kwa nguo nyeupe, kuoshea nywele na kupikia nafaka ngumu.

Pili, kwa kufua, tia magadi kidogo kwenye maji kabla ya sabuni. Magadi hushikana na jiwe, na sabuni ikabaki na kazi yake. Sabuni ya unga nayo hustahimili maji magumu kuliko sabuni ya mche. Katika maharagwe, magadi yawe kiasi cha kuonja tu, na mwenye maradhi ya shinikizo la damu ayaepuke, kwani yana chumvi yake.

Tatu, gamba la birika huyeyuka kwa siki au maji ya ndimu. Yachemshe humo, yaache yakae, kisha suuza. Usilikwangue kwa kisu.

Hatari iliyo kubwa zaidi

Wako wanaoogopa kwamba ugumu wa maji ni sumu. Shirika la Afya Duniani halikuweka kipimo cha ugumu kwa sababu ya madhara ya kiafya. Inayostahiki kuogopwa ni najisi isiyoonekana. Kisima kilicho jirani na choo cha shimo chaweza kutoa maji meupe, yasiyo na harufu wala ladha mbaya, na ndani yake mkawa na vijidudu vya kipindupindu. Usitegemee magadi wala ndimu kuviua. Maji ya kunywa, hasa ya watoto, yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa.

Haki ya mwenye nyumba

Nawaelekea sasa akina baba. Katika fikihi yetu, vitu vya usafi ni sehemu ya nafaka ya mke, kama chakula na mavazi. Maji yakiwa magumu, haki hiyo huwa kubwa zaidi, haipungui. Nunua pipa la kukingia mvua, tengeneza mfereji wa paa, na ongeza sabuni bila ya maneno. Aliyesimama karoni tangu alfajiri, mikono imekauka na kuchanika, hastahiki kuhesabiwa miche. Astahiki shukurani, na mafuta ya nazi ya kupaka mikono.

Mwenyezi Mungu atupe maji mema na masikizano ndani ya nyumba zetu. Wabillahi tawfiq.