Bulongo ya Kambove na lengalenga yetu: namna ya kujenga kitanda cha mboga

Bandugu wachimbaji, bamama wa nyumba, na ninyi batoto munaosomea wazee gazeti kwa sauti: leo hatuzungumzi mushahara wala prime. Leo tunazungumza mboga.

Kila nyumba ya mchimbaji hapa Kambove inajua jambo hili. Baba anarudi kazi ya usiku, salopeti imejaa vumbi. Mama anaitia mu beseni, anaifua, maji yanageuka rangi. Sasa yale maji yanamwangwa wapi? Wakati wa kipwa, maji ni shida na hakuna mtu anayependa kutupa hata ndoo moja. Basi yanamwangwa paka pale nyuma ya nyumba, juu ya lengalenga. Mangaribi lengalenga inaingia mu chungu, inawekwa kando ya bukari, na batoto ndio wanakula wa kwanza.

Sisi wa syndika hatusemi hivi ili kumcheka mtu. Tumefanya hivyo sisi wenyewe, miaka na miaka. Tulikuwa tunapigania maski na boti ku kazi, kumbe kazi tulikuwa tunaileta ku nyumba mu salopeti.

Parseli imetulisha

Kwanza tukumbuke juu ya nini kila parseli hapa ina bustani. Kambove ni mji wa mawe. Njia ya reli ilifika hapa mwaka 1913, wakati wa Union Minière, ili kubeba madini, na mawe yangali yanatoka mpaka leo. Vumbi ya karieri, vumbi ya kamio, mabaki ya konsantrateri: zaidi ya miaka 100 yote yanaanguka juu ya udongo uleule tunaolima.

Wazee wanakumbuka wakati kazi ilikuwa inalisha. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka kule Kolwezi, na miaka iliyofuata kampuni ilishuka mpaka chini. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka mu ule mpango wa départs volontaires. Nyumba ngapi zilibaki zinaishi na jembe la mama? Kwa hiyo mtu akija kutuambia, "Acheni kulima mu parseli, udongo ni mchafu," hajatusaidia kitu. Mboga ya sokoni inataka franka, na tena hujui imelimwa wapi.

Wataalamu waliona nini

Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba wa Université de Lubumbashi, pamoja na wenzake wa chuo kikuu cha Leuven kule Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda cha kuyeyusha madini walikutwa na kobalti nyingi sana, kati ya vipimo vya juu kabisa vilivyowahi kuonekana kwa watu wa kawaida, si wafanyakazi tu. Na batoto walikuwa na nyingi kupita wakubwa.

Mwaka 2014 utafiti mwingine uliuliza: hiyo kobalti inaingia kwa njia gani? Jibu lilikuwa hili. Kwa mtu mkubwa, sehemu kubwa inapitia chakula, zaidi sana mboga zilizolimwa mu udongo mchafu. Kwa mtoto, vumbi inaongezeka juu ya chakula, kwa sababu anachezea chini na mkono unaenda mu kinywa.

Hapa wengi wanasema, "Tutaosha mboga vizuri, tutapika sana." Kuosha ni vizuri, tuendelee, hata mara tatu. Lakini maji yanaondoa vumbi iliyokaa juu ya jani. Kile ambacho mzizi umekwisha kunywa kiko ndani ya jani, na moto wa mbabula hauunguzi shaba. Dawa ni kubadilisha kile ambacho mzizi unakunywa. Ndiyo sababu ya kitanda cha mboga: tunapandisha bustani juu, mu udongo mwingine, tunaacha ule wa zamani chini.

Pa kuweka kitanda

Chagua pahali penye jua, mbali na barabara ya kamio, na mbali na pale mama anafulia. Nyumba yenyewe au lupango inaweza kukinga vumbi. Weka kitanda upande ambao upepo wa kipwa hauleti vumbi moja kwa moja. Usikiweke chini ya ukingo wa bati, kwa sababu mvua ya kwanza inashusha vumbi yote ya miezi mitano kutoka juu ya nyumba.

Kipimo chetu ni urefu metre 3, upana metre 1, kimo sentimetre 30. Upana usipite metre 1 na kidogo, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani. Udongo uliokanyagwa unakuwa mgumu na mizizi inashindwa.

Pembeni jenga na matofali ya kuchoma, hata yale yaliyovunjika yanafaa, au miti mizima. Na hapa tuseme wazi, kwa sababu sisi wachimbaji tuna tabia ya kuokota vitu ku kazi. Usitumie mbao za njia ya reli, zimelowa dawa nyeusi. Usitumie mapipa wala saki za dawa za konsantrateri, hata kama umeziosha. Usitumie mawe ya mabaki ya mgodi. Mwenzetu mmoja alizungusha kitanda chake na mawe mazuri ya rangi ya majani, kila mtu akapita kuyasifu. Yalikuwa malakiti. Yaani alijenga ukuta wa shaba kuzunguka mboga alizotaka kuzikinga na shaba.

Chini kabisa, juu ya udongo wa zamani, tandika saki safi za unga au za mchele zilizopasuliwa, mbili mbili, zipandane pembeni. Maji yatapita, lakini mizizi itachelewa kufika chini. Zikioza, utajua ni wakati wa kuzibadilisha.

Udongo unatoka wapi

Hii ndiyo kazi yenyewe. Kitanda cha kipimo chetu kinakula litre 900, ni kusema ndoo 45 za litre 20. Sisi tunachanganya hivi: ndoo 27 za udongo, ndoo 13 za mbolea iliyooza, na ndoo 5 za mchanga. Weka ndoo zingine 5 kando, kwa sababu baada ya mvua mbili kitashuka.

Udongo uchukue mbali na mgodi, mbali na mito inayopokea maji ya kiwanda. Tazama miti. Pahali pori ni nzito na miti ni mirefu, kuna tumaini. Pahali kilima kiko wazi, nyasi tu, na kuna lile ua dogo ambalo watu wa jiolojia wanaliita ua la shaba, rudi nyuma. Ua hilo, Haumaniastrum katangense, linapenda udongo wenye shaba, na watafuta madini wamelitumia tangu zamani kama alama ya kuwaonyesha pa kuchimba. Kile kinachomfurahisha mtafuta madini hakimfai mwenye bustani.

Wengi wanapenda udongo wa kichuguu, na wana haki, ni udongo wenye nguvu. Lakini mchwa anachimba chini sana na kupandisha kile anachokuta huko. Watu wa jiolojia wanapima vichuguu ili kujua kama kuna madini chini. Basi kichuguu cha mbali na vilima vya shaba, ndiyo. Kichuguu cha karibu na karieri, hapana.

Sisi tulijifunza hii kwa hasara. Kitanda chetu cha kwanza tulikijaza udongo wa karibu, juu ya uvivu wa kusukuma pusupusu. Shu ziliota, zikasimama, majani yakageuka manjano, mizizi ikabaki mifupi kama ndevu za mtoto. Tulikuwa tumehamisha ugonjwa kutoka chini kuupeleka juu.

Mbolea ni ya kuku au ya mbuzi, pamoja na majani na maganda ya jikoni, vioze miezi mitatu. Mbolea hailishi mboga tu. Inashika shaba na kobalti, mzizi unazipata kidogo zaidi.

Chokaa inafanya kazi kama hiyo, kwa sababu udongo mchachu unaachilia madini kwa urahisi. Na chokaa haiko mbali: mawe ya chokaa ya Kakontwe, pale Likasi, kila mtu wa kazi anayajua. Tumia chokaa iliyokwisha kuzimwa na maji, si ile ya moto inayochoma mikono. Gramu 200 kwa metre moja ya mraba, ni kusema gramu 600 kwa kitanda, changanya vizuri, ngoja wiki mbili kabla ya kupanda. Usiseme nyingi ndiyo nzuri. Ikizidi, mboga zinakauka. Pale Penga Penga, Lubumbashi, upande ambao moshi wa kiwanda ulikuwa umeua karibu kila jani, watafiti wa UNILU walijaribu mbolea na chokaa, na nyasi zikaanza kushika tena. Ikiwezekana kule, inawezekana kwetu.

Kupanda na kutunza

Kipwa, kuanzia mwezi wa 5, ni wakati wa shu, karoti na kitunguu, zinapenda ile baridi ya asubui. Kitanda kilichoinuka kinakauka upesi, kwa hiyo mwagilia asubui na mangaribi, maji ya bomba au ya kisima safi, hata kama ni kidogo. Mvua ikianza, lengalenga na matembele zinakimbia zenyewe, na kitanda hakilali mu maji kama bustani ya chini.

Tandika nyasi kavu juu ya udongo. Zinatunza maji, na zinazuia mvua kurusha matope juu ya majani.

Asiyepata bado udongo safi afanye hivi: mu udongo wa chini asipande mboga za majani. Majani ndiyo yanakusanya madini mengi. Apande mahindi, tomati, impwa, maharagi. Vitu vinavyozaa matunda na mbegu kwa kawaida vinabeba kidogo zaidi. Na karoti au viazi vimenywe.

Na salopeti? Zifuliwe upande mwingine wa parseli, maji yamwangwe mu shimo lake, mbali na mboga na mbali na pale batoto wanachezea.

Neno la syndika

Tulipozungumza haya mu mkutano wetu, delege mmoja wa zamani alisimama na hasira. Alisema: "Munatufundisha kubeba bulongo ku kichwa, na ule mwenye kuchafua anabaki paka anatuangalia? Kesho atasema, si muko na vitanda, shida imeisha."

Tulinyamaza, kwa sababu neno lake lina uzito. Lakini mama mmoja wa pale nyuma alimjibu: "Tata, mutoto wangu atakula leo mangaribi. Hawezi kungoja muandike mukanda."

Wote wawili wana haki, na syndika inapaswa kubeba maneno yote mawili. Kitanda ni cha kula leo. Mukanda ni wa kesho, na mukanda wenyewe unaomba mambo haya: salopeti zifuliwe ku kazi, kwa gharama ya mwajiri. Barabara za kamio zimwagiliwe maji wakati wa kipwa. Udongo wa parseli upimwe, na matokeo yabandikwe kwa Kiswahili pahali kila mtu anapita. Kamio zinazoenda tupu zilete udongo safi mu kila kartie.

Tusiambiwe kwamba hakuna franka. Code minier iliyobadilishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inasema kila kampuni inayochimba itoe angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka, na isaini cahier des charges pamoja na watu wa pale. Udongo safi unaweza kuandikwa ndani yake, sawa vile tunaandika shule na pompi ya maji. Delege asiyejua kile kilichoandikwa mu cahier des charges ya kampuni yake aombe kukiona, na akionyeshwa asome yote mpaka ukurasa wa mwisho.

Mvua kubwa zinafika mwezi wa 11. Mwenye kuanza mbolea yake mwezi wa 7 au wa 8 atakuwa tayari. Kitanda kimoja hakitalisha nyumba ya watu 8, tunajua. Anza na kimoja, na mu kile kimoja panda mboga za majani ambazo batoto wanakula. Majirani wawili wakishirikiana pusupusu moja, ndoo 45 ni kazi ya siku mbili za mapumziko. Sisi tumekwisha kujenga vyetu, kile cha shu za manjano tulikivunja na kukianza upya. Mwenye kutaka kuviona apite, tutamwonyesha na pale tulipokosea.