Kubadilisha Vifungio vya Vifuniko kwenye Ndege Ndogo

Mwili wa ndege ndogo kama Cessna 172 una vifuniko vingi vinavyofunguka: cha injini, vya chini ya mabawa, vya mkiani na vya sakafuni. Katika ukaguzi mkubwa, kama ule wa kila saa 100 za kuruka, hufunguliwa ili fundi aone kebo, puli na mabomba yaliyofichika nyuma yake. Vifungio vinavyovishikilia hukazwa na kulegezwa mara nyingi, na mwishowe huchakaa.

Aina mbili ndizo hukutwa zaidi. Ya kwanza ni skrubu inayoingia kwenye nati iliyopigwa ribiti nyuma ya bati, mahali ambapo mkono haufiki. Ya pili ni kifungio cha robo mzunguko, kama kile alichokibuni William Dzus, mzaliwa wa Ukraine aliyehamia Marekani, katika miaka ya 1930. Shina lake lina mfereji uliojipinda. Likizungushwa nyuzi 90, mfereji hudaka waya wa springi na kubana kifuniko. Kifungio cha Camloc hutumia kipini kilichopenya shina badala ya mfereji.

Adui wa kwanza wa vifungio ni mtetemo wa injini. Kifungio kilicholegea hucheza, kikapanua tundu lake, na vumbi jeusi la metali iliyosagika huonekana likifuata mkondo wa upepo nyuma ya kichwa chake. Adui wa pili ni chumvi. Kwa ndege za mwambao, kama zile za Dar es Salaam, Unguja na Pemba, unyevu wenye chumvi ukiingia kati ya skrubu ya chuma na bati la alumini, alumini ndiyo huliwa.

Skrubu iliyoganda haitaki pupa. Hutiwa mafuta ya kupenya, ikaachwa kwa muda, kisha hujaribiwa kwa bisibisi inayokaa sawasawa kichwani, ikikandamizwa kwa nguvu kabla ya kuzungushwa. Nyota ya kichwa ikishalika, fundi hutoboa kichwa kwa keekee, taratibu na katikati kabisa, hadi kitoke. Kifuniko kikishaondolewa, kipande kilichobaki hushikwa kwa koleo na kuzungushwa.

Kifungio kipya huchaguliwa kwa namba iliyo katika kitabu cha vipuri vya ndege hiyo, si kwa kukilinganisha na cha zamani. Tarehe 10 Juni 1990, kioo cha mbele cha ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven kiling'oka angani, na nahodha Tim Lancaster akavutwa nusu mwili nje, lakini alinusurika. Kioo kilikuwa kimebadilishwa muda mfupi kabla, na kati ya bolti 90 zilizokishikilia, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Zilichaguliwa kwa kulinganishwa na za zamani. Urefu nao una uzito wake: skrubu fupi haishiki hesi za kutosha, na ndefu mno inaweza kukwaruza kebo iliyo nyuma ya bati.

Nati nayo hukaguliwa. Nati ya kujifunga ikipitisha skrubu yote kwa vidole tu, imekwisha. Hapo ribiti zake mbili hutobolewa, na nati mpya hushikizwa kwa skrubu mahali pake wakati ribiti mpya zinapigwa. Nati zenye nailoni hazifai mahali panapozidi nyuzi 121 za Selsiasi, hivyo karibu na injini hutumika za metali tupu.

Wakati wa kufunga, skrubu zote huanzishwa kwa mkono kabla hata moja haijakazwa, ili matundu yakae sawa. Kukaza kupita kiasi hupasua vifuniko vya plastiki na faibaglasi.

Mwisho ni hesabu. Mnamo 11 Septemba 1991, ndege ya Continental Express ilianguka Texas na kuua watu wote 14, kwa sababu skrubu 47 za ukingo wa bawa la mkia zilitolewa na hazikurudishwa. Mafundi wa zamu mbili hawakupashana habari ipasavyo. Kwa hiyo vifungio vilivyotolewa huhesabiwa, kila tundu hukaguliwa, na kazi huandikwa na kutiwa saini katika kumbukumbu za ndege kabla haijaruhusiwa kuruka.