Padi ya zamani, ndege sebuleni

Usitupe ile padi ya PlayStation 3 iliyolala kwa droo. Ichomeke kwa kompyuta, kisha pakua FlightGear, programu ya bure ya kuigiza urubani. Linux huitambua padi fasta. Windows itataka draiva kwanza. Kijiti kimoja kiachie usukani. Nguvu ya injini ipe vitufe, maana kijiti hurudi katikati chenyewe. Mashine ni ya kitambo? Punguza mawingu na miti, picha itaacha kukwama. Anza na Cessna 172, ndege inayofunza marubani wengi duniani.

Saa za sebuleni hazikupi leseni, ukweli usemwe. Lakini shuleni kila saa angani ni pesa. Mbona uilipie ndio ujue altimita ni gani?