Gundi, Kukauka na Kukomaa: Istilahi za Kubandikia Kingo za Matao ya Magurudumu

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza msamiati wa gundi utumikao katika kazi za bodi za magari, na kupendekeza namna ya kuutofautisha ili mfasiri asimpoteze fundi. Mfano tuliouchagua ni mdogo: ukingo wa plastiki au wa faiba ubandikwao juu ya gurudumu. Kazi hiyo yaonekana nyepesi, lakini maelekezo yake huja kwa lugha ya kigeni, na neno moja likifasiriwa ovyo, ukingo huanguka barabarani, au fundi hudhurika mapafu.

Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, zatufaa kwa mfano huu. Barabara kuu itokayo Mwanza na Musoma hupita Tarime hadi mpakani Sirari, mahali ambapo bidhaa nyingi huvuka baina ya Tanzania na Kenya. Upande wa Mugumu na lango la Fort Ikoma, magari ya watalii na ya hifadhi husafiri katika barabara za changarawe, zenye vumbi na mawimbi madogo madogo yatikisayo bodi mchana kutwa. Kitu kilichobandikwa vibaya hakidumu huko.

1. Kitu chenyewe

Mafundi wetu wana neno madigadi, nalo limeenea nchini kote. Hata hivyo, madigadi ni bamba zima likingalo matope. Ule mkato wa mviringo wa bodi ambamo gurudumu huzunguka ni kitu kingine, na kipande kiongezwacho pembeni mwa mkato huo ni cha tatu. Kwa kuwa neno tao limekwisha kuzoeleka katika ujenzi, twaona yafaa kusema tao la gurudumu kwa mkato, na ukingo wa tao kwa kipande cha nyongeza.

Maandishi mengi juu ya kubandika kingo hizi yatoka Uingereza, ambako watu hununua gari likiwa vipande na kujiundia wenyewe nyumbani. Lotus Seven, iliyotokea mwaka 1957, iliuzwa hivyo, na mnunuzi alikwepa kodi ya mauzo iliyotozwa magari kamili, mpaka utaratibu huo wa kodi ulipobadilishwa mwaka 1973. Mfasiri asiandike “gari la vipande”, maana msomaji atadhani ni gari bovu. Wala asiseme “kuunganisha magari”, kwani maneno hayo yamekwisha kushikwa na kazi ya viwandani, kama ile ya TAMCO huko Kibaha kilikounganishwa malori ya Scania. Twapendekeza gari la kujiundia. Kwetu kazi iliyo karibu zaidi na hiyo ni ile ya karakana za Arusha zirefushazo bodi za Land Cruiser kwa ajili ya watalii. Magari ya namna hiyo ndiyo yaonekanayo Serengeti.

2. Upana wa neno gundi

Kiswahili hakina uhaba wa maneno hapa. Ulimbo ni utomvu wa kunasia ndege. Embwe ni gundi ya mmea. Sherisi ni ya seremala. Na gundi, neno lenye asili ya Kihindi, limekuwa jina la jumla. Baadhi ya migunga ya mbugani hutoa gundi pia, lakini hiyo huyeyuka katika maji, na haifai kwa kitu kinachopita matopeni.

Shida ni kwamba jina hili la jumla sasa labeba vitu vyenye tabia zinazopingana. Ipo gundi ya mirija miwili ichanganywayo, yaani epoksi, ambayo kwa kawaida huwa ngumu na hupasuka ikitikiswa sana. Ipo ile ya matone ishikayo kwa sekunde, ambayo haipendi mshtuko wala pengo. Ipo silikoni, ile inukayo siki hutoa tindikali iwezayo kula chuma, na rangi haishiki juu yake. Mwisho ipo poliyurethani, ambayo ikiisha kushika hubaki ikivutika kama mpira. Kuziita zote “gundi kali”, kama vibandiko vingine vifanyavyo, ni kumnyima fundi habari aliyoihitaji.

3. Kushika si kukakamaa

Kwa nini kuvutika kuwe na maana? Plastiki ya ABS yenye urefu wa mita 1, joto lake likipanda nyuzi 30, hurefuka kwa milimita 2 au zaidi. Chuma cha bodi hurefuka kwa theluthi moja hivi ya milimita. Gari lililoamka katika baridi ya alfajiri na kusimama juani adhuhuri lina tofauti hiyo kati ya ukingo na bodi. Gundi isiyonyumbuka haina budi kuachia au kuupasua ukingo. Ndiyo sababu poliyurethani, ikipakwa kwa unene wa milimita 2 au 3, hufaa zaidi kwa kazi hii. Lakini si plastiki zote ziikubalizo: polipropilini haishiki kwa urahisi bila matayarisho maalumu. Uso wowote, hata hivyo, sharti usuguliwe kwa msasa, ufutwe vumbi na mafuta.

Twapendekeza basi gundi kakamavu kwa ile iwayo ngumu, na gundi nyumbufu kwa ile ivutikayo. Neno mnato lisitumiwe kwa nguvu ya kushika, kwa kuwa katika fizikia limezoeleka kwa uzito wa kimiminika uzuiao kutiririka.

4. Kukauka, kuganda, kukomaa

Hapa ndipo makosa makubwa ya tafsiri yalipo. Sherisi hukauka: maji hutoka, gundi hubaki. Epoksi haikauki, huganda kwa sababu sehemu zake mbili zimeungana. Poliyurethani ya mrija mmoja ni kinyume kabisa cha kukauka: huhitaji unyevu wa hewani ili igande, tena huanzia nje kwenda ndani, kiasi cha milimita 3 hivi kwa saa 24 za kwanza.

Fundi aliyeambiwa “iache ikauke” ataupeleka ukingo kwenye hewa kavu, na hivyo ataichelewesha kazi aliyotaka kuiharakisha. Katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, saa zilizotosha wakati wa masika huenda zisitoshe. Naye aguswaye na ngozi ngumu ya juu atadhani kazi imekwisha, ilhali ndani bado ni laini. Tena gundi hiyo kabla haijaganda ina isosianati, ziwezazo kuleta pumu. Kwa hiyo onyo la kufungua madirisha na kuvaa glovu lisiachwe kibandikoni.

5. Mapendekezo

Tao la gurudumu: mkato wa bodi juu ya gurudumu.
Ukingo wa tao: kipande kibandikwacho pembeni mwa tao.
Gari la kujiundia: gari liuzwalo kwa vipande ili mnunuzi aliunde.
Gundi kakamavu: gundi iwayo ngumu isiyovutika.
Gundi nyumbufu: gundi ivutikayo bila kuachia.
Kukauka: kushika kwa kupoteza maji au kiyeyushi.
Kuganda: kugeuka kutoka ulaini kuwa yabisi kwa njia yoyote.
Kukomaa: kufikia nguvu kamili, ndani na nje.

Tunawaomba walimu wa shule za ufundi, wafasiri na maofisa wahusika wayajaribu maneno haya mbele ya mafundi wenyewe. Istilahi ambayo fundi wa Mugumu haimsaidii kuchagua mrija dukani bado haijakomaa.